Mpigapicha wa Hema la Chui

Hakuwapenda wanyama. Naanza na hilo kwa sababu walioisikia habari yake juujuu humfanya mtakatifu fulani wa paka na ndege, na yeye angewacheka mpaka ashike mbavu. Paka wa Fereej Bin Mahmoud, mtaa aliokuwa akiishi ghorofani na akina dada wengine wa Kenya, walimjua kwa maji aliyowamwagia. Akifungua dirisha la jikoni, wao hutawanyika. Ngamia aliwaita viumbe wenye dharau. Siku moja kasuku wa pale kazini alimtua begani, naye akaenda chini mzima mzima, kamera ameikumbatia tumboni, akipiga ukelele uliowatoa wapishi jikoni na miiko mikononi.

"Simpendi," aliniambia baadaye kuhusu chui mwenyewe, yule ambaye kwa ajili yake alipoteza kazi. "Sijawahi kumpenda. Kwani lazima umpende mtu ndiyo uache kumkanyaga?"

Sisi Wakenya tulimwita Mpigapicha, kana kwamba Doha nzima haikuwa na mwingine. Mimi nilikuwa dereva wa basi dogo aina ya Kosta lililowachukua watalii mahotelini na kuwapeleka kwenye shamba la burudani nje ya mji, upande wa kaskazini. Yeye ndiye aliyewapiga picha wakifika. Nilitoka kambini kwetu Industrial Area asubuhi, nikampitia kwake, kisha tukaenda pamoja kuwachukua wageni. Hakukaa kiti cha nyuma hata siku moja. Alikaa mbele, akaelekeza upepo wa kiyoyozi kwangu, akanikosoa uendeshaji. Leseni hakuwa nayo. Hilo halikumzuia.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja tajiri aliyependa sana kozi, wale ndege wa kuwindia. Biashara yenyewe aliiachia meneja, tuliyemwita mudir kama wanavyosema huko. Palikuwa na farasi, ngamia, mkahawa wenye mito ya kuegemea, na hema kubwa lenye kiyoyozi. Ndani ya hema palikuwa na jukwaa la saruji lililopakwa rangi lifanane na mwamba, na juu ya mwamba huo wa uongo alilala chui milia jike, mnyororo shingoni. Mudir alimpa jina la Amira, yaani binti mfalme. Wageni walikuja kwa ajili ya hema. Hayo mengine yote yalikuwa ya kupitishia muda.

Kama kuna mtu aliyeiheshimu kazi yake kuliko Mpigapicha, mimi sijamwona. Akiwa nyuma ya kamera hakujua mkubwa wala mdogo. "Wewe, kidevu chini. Chini, si kifuani. Na wewe baba, tabasamu kama mtu aliyelala vizuri, si kama unayeng'olewa jino." Watu waliozoea kuamrisha ofisini kwao walishusha videvu. Kiarabu chake alikiokota sokoni; sarufi haikuwamo, lakini ujasiri ulijaa. Wakati mwingine alichanganya Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja, na bado kila mtu alielewa anachotakiwa kufanya.

Nje ya kazi alikuwa mwongo, na nasema hivi kwa upendo. Umri wake ulibadilika kulingana na anayeuliza. Kwa mwanamume aliyemkera, mumewe alikuwa polisi. Kwa aliyempendeza, alikuwa mjane. Aliniambia aliwahi kuwa bingwa wa kuogelea wa wilaya, na siku tulipokwenda ufukweni alikataa kulowesha kifundo cha mguu. Lakini picha hakuidanganya. Wateja walimwomba awapunguzie weusi kwa kompyuta, awaondolee tumbo, naye alikataa katakata. "Nikikubadilisha, picha itakuwa ya nani?" Mmoja wa wale dada aliokaa nao alinuna mwezi mzima kwa sababu ya picha ya pasipoti.

Kanisani aliimba sauti ya pili kwa nguvu na kwa makosa. Kiongozi wa kwaya alimwomba ashushe sauti. Akamjibu kwamba Mungu hana matatizo ya masikio, akaendelea. Alijua kugombana kama wengine wanavyojua kupika. Aligombana na wenye nyumba kuhusu maji, na wasimamizi kuhusu vyoo vya wafanyakazi, na mimi kuhusu breki. Nilipomwambia siku moja kwamba angepata mengi zaidi kwa kuomba taratibu, alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha iliyoungua.

"Dereva, ukiomba haki kwa sauti ya kuombea chumvi, utapewa chumvi."

Sasa nieleze la Amira.

Alipoletwa alikuwa mdogo wa kupakatwa. Wageni walimshika mapajani wakimnyonyesha chupa, Mpigapicha akapiga, kila mtu akafurahi. Hata mimi nina picha hiyo. Nimekaa wima kama bwana harusi. Mpigapicha alisimama mbali na kuvuta kwa lenzi, kwa sababu aliogopa hata kakiwa kadogo vile. Na nadhani uoga ule ndio ulioanzisha mambo. Mwenye kumpenda mnyama humkumbatia asimwone. Yeye, kwa kumwogopa, hakumwondolea macho.

Ndiye wa kwanza kuona jinsi anavyotembea. Amira alikuwa amekua kufikia kimo cha ndama, na kila alipotolewa kizimbani kupelekwa jukwaani alikanyaga kama mtu anayepita juu ya miiba. Mpigapicha alimuuliza mtunzaji, Mganda mmoja mpole aliyemlisha na kumwosha. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukinywa chai.

"Walimng'oa makucha, siste," alisema Mganda. "Alipoanza kukwaruza watu. Daktari alikata mpaka kwenye kifundo."

"Kwenye kifundo cha nini?"

Mganda alinyoosha kidole chake mwenyewe, akaonyesha ncha yake, pale kwenye pingili ya mwisho.

"Na usingizi ule? Mbona analala wageni wakiwa wengi, wakiondoka ndiyo anaamka?"

Mganda akatazama chai yake. "Kuna dawa. Inawekwa kwenye nyama. Naambiwa niweke, naweka. Nikikataa mimi, atakuja mwingine ataweka nyingi zaidi."

Nilitarajia amfokee. Hakumfokea. Aliinuka akaenda hemani, na siku ile nzima hakumkosoa mtu kidevu.

Kesho yake alimwendea mudir. Mimi nilikuwa pale nikisubiri ufunguo wa gari. Alimweleza kuhusu miguu, kuhusu dawa, kuhusu joto la kiangazi wakati ambapo kiyoyozi cha kizimbani huzimwa ili cha hemani kifanye kazi. Mudir hakuwa mtu katili wa kupiga kelele. Alimsikiliza, akacheka kidogo, akamwambia, "Sister, wewe unalipwa kupiga picha. Huyu mnyama si kazi yako kumwangalia."

"Kumwangalia ndiyo kazi yangu," alisema Mpigapicha. "Nikilipwa kutazama, utaniambiaje nisione?"

Mudir akanipa ufunguo wangu, mazungumzo yakaisha.

Wiki iliyofuata wageni walianza kupata picha za ajabu. Pale shambani picha zilichapishwa papo hapo na kutiwa kwenye fremu za karatasi ngumu, mtu akaondoka nayo. Basi mgeni alifungua fremu yake akijitafuta, akajikuta pembeni, sikio na nusu ya shavu, na katikati ya picha, wazi na safi kama sarafu mpya, mguu wa Amira: nyama ya chini imevimba, kidonda kati ya vidole, nzi amekaa.

"Hii ni nini?" mgeni akauliza.

"Mguu," alijibu. "Wa yule uliyemwegemea."

Wapo waliotukana. Wapo waliozitupa kwenye pipa la taka karibu na gari langu. Lakini wapo pia waliorudi mjini kimya, fremu imefungwa mapajani, na njia nzima hakuna aliyeuliza chakula cha usiku ni saa ngapi. Niliwaona kwenye kioo.

Mudir alipogundua, alimwonya mbele ya wafanyakazi wote kwamba picha moja zaidi ya mguu, atarudishwa kwao. Sote tulijua maana yake. Wakati ule kampuni ndiyo iliyokuwa na pasipoti yako na neno la kuondoka kwako. Ukigombana nayo, hukugombana na bosi tu, uligombana na mlango wenyewe wa kuingilia na kutokea. Nyumbani alikuwa na watu waliomtegemea. Hilo hakulisema, lakini mzigo wa kila mmoja wetu ulijulikana. Nilimwambia kwenye gari aache. Nilimwambia mnyama ni mnyama.

"Na mfungwa ni nani?" aliuliza. Kisha, baada ya mizunguko miwili ya barabara: "Halafu umeingia mkono wa kushoto bila taa."

Picha za mguu ziliisha. Nikadhani ametulia.

Ijumaa moja ya kiangazi, pale mvuke wa bahari unapomshika mtu kama blanketi lililoloweshwa, nilileta kundi kubwa la wageni. Hemani Amira alikuwa amelala ubavu na hakuinuka. Mganda alimwita, akamgusa, akammwagia maji. Hakuinuka. Ulimi ulikuwa nje, mbavu zinapanda na kushuka haraka haraka. Mudir akaja, akaona wageni wamejaa, akamwambia Mganda avute mnyororo. Mganda akavuta. Kichwa cha Amira kikainuka na shingo, mwili ukabaki.

"Inatosha hivyo," mudir alisema. "Wakae nyuma yake. Sister, piga."

Mpigapicha alifungua kamera yake taratibu, akatoa betri, akaitumbukiza ndani ya blauzi. Kisha akapanda jukwaani. Yeye, aliyeangushwa na kasuku! Alisimama kati ya wageni na chui, mgongo wake ukiwa kwa yule mnyama aliyemwogopa kuliko kitu chochote duniani.

"Betri iko wapi?" mudir aliuliza.

"Imechoka. Kama huyu."

"Sister, shuka."

"Sishuki."

"Nitakusafirisha. Wallahi nitakusafirisha wiki hii."

"Nisafirishe. Nitapanda ndege, nitakula chakula cha ndege, nitafika. Lakini leo huyu hapigwi picha." Akawageukia wageni na kuwaambia kwa Kiingereza kisha kwa Kiarabu chake cha sokoni: "Anaumwa. Makucha yake yameng'olewa. Amelishwa dawa ili alale mkae juu yake. Mimi ndiye ninayepiga, na mimi sipigi. Nendeni mkanywe chai."

Kisha mama mmoja mtu mzima, mgeni aliyekuja na dada yake, aliishusha kofia yake kichwani na kutoka nje. Dada yake akamfuata. Walipotoka hao wawili, wengine waliona haya kubaki, wakatoka mmojammoja, baadhi wakinung'unika, hadi hemani tukabaki sisi. Mganda akaachia mnyororo. Kichwa kikarudi chini. Bila kuagizwa na mtu, alikwenda kuleta barafu jikoni.

Niliwarudisha wageni mjini. Mpigapicha alikaa kiti chake cha mbele na hakunikosoa hata breki mpaka tulipofika taa za kwanza. Hapo akachomoa betri kwenye blauzi, akaiweka juu ya dashibodi. Siku nyingine angetupa neno la kuchekesha; siku ile alisema tu, "Endesha."

Wiki kadhaa alikaa ghorofani bila kazi, akisubiri tiketi. Wale dada walimlisha. Yule aliyenuna kwa sababu ya pasipoti ndiye aliyempikia zaidi. Kanisani watu waligawanyika: wengine walisema ametuharibia jina Wakenya, kesho tutaitwa wakaidi. Akawajibu kwamba ni heri kuitwa mkaidi kwa jina lako kuliko mtiifu kwa jina la mwenzako.

Kisha mudir akatuma ujumbe. Mwenye shamba mwenyewe amesikia; mmoja wa wageni wale alikuwa akifahamiana na watu wake. Mzee anataka mpigapicha aje aombe radhi kwenye majlis yake, ukumbi wa kupokelea wageni, mbele ya mudir na wafanyakazi, kisha arudi kazini, yaishe. Ilikuwa njia rahisi. Nilimpeleka mimi. Alivaa gauni la kanisani na viatu vyekundu ambavyo sikuwahi kuviona, na njiani nilimsikia akinong'ona maneno ya Kiarabu, akiyapanga.

Mzee alikuwa amekaa na kozi wake mmoja kwenye kigingi, kafunikwa macho kwa kofia ya ngozi. Sisi tulisimama mlangoni. Mudir akamwashiria aanze.

"Nimeambiwa niombe radhi," alisema. "Naomba radhi. Kwa picha zote nilizopiga kabla ya ile niliyokataa. Kwa iliyokataliwa siombi."

Mudir akaruka kuongea. Mzee akainua mkono, akauliza swali moja: makucha yameng'olewa, kweli? Hakumuuliza mudir. Alimuuliza Mganda. Na Mganda, ambaye siku zote aliitazama chai yake, safari hii alimtazama mzee usoni, akanyoosha kidole kile kile, akaonyesha pingili.

Mzee akamgeukia yule ndege wake, akagusa kucha zake nyeusi moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole. Sijui alifikiri nini. Sitampamba, hema lilikuwa lake, na aliacha lifanye kazi miaka bila kuingia. Pengine aliona huruma, pengine aliona aibu tu, mwindaji mzima kufuga mwindaji aliyekatwa vidole. Alisema hema lifungwe. Alisema Amira ajengewe mahali penye kivuli na bwawa dogo la maji, na mtu asimkalie tena. Kisha akamwambia Mpigapicha kwamba mtu aliyemvunjia heshima meneja wake mbele ya watu hawezi kubaki kazini kwake. Ila angempa ruhusa ya kuhamia kwa mwajiri mwingine, asirudishwe kwao.

"Shukran," alisema Mpigapicha. Nje, alipofika kwenye gari, akaongeza kwa Kiswahili: "Nusu mkate. Lakini nimeukata mwenyewe."

Alipata kazi The Pearl, mtaa wa kitajiri wa Doha, nyumbani kwa bibi kizee aliyehitaji mtu wa kumsomea na kumsukuma kwa kiti cha magurudumu kando ya maji. Kamera hakuishika tena kwa kazi. Tulizidi kuachana kama watu wanavyoachana mjini, bila ugomvi. Mganda ndiye aliyenipa habari za Amira: kwamba hakutembea vizuri tena, lakini alijifunza kuingia kwenye bwawa na kukaa humo kichwa nje, mchana kutwa, na kwamba baada ya vipupwe vichache alikufa. Nilimpigia Mpigapicha simu kumwambia. Nikasikia yule bibi akikohoa nyuma yake.

"Miaka yake ya mwisho hakukaliwa na mtu," alisema. "Hilo tulimpa."

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, msimu wa baridi, mchana wa jua zuri. Palikuwa na maonyesho ya kupita kwenye uwanja mmoja mjini, mahema, peremende, muziki, nami nilikuwa nimeshusha wageni. Nikaona foleni isiyosogea. Watu wamenuna, watoto wanalia. Nikaenda mbele kuangalia.

Kwenye kiti cha kupigiwa picha, mbele ya pazia lililochorwa msitu, alikuwa amekaa Mpigapicha. Nywele zilikuwa zimegeuka mvi na hakuzificha. Kando yake kijana wa maonyesho alimshika mtoto wa chui milia, mdogo, macho yanafumba yenyewe, kichwa kinaning'inia. Mlinzi wa Kikenya alikuwa ameinama karibu na sikio lake akimbembeleza.

"Mama, tafadhali. Either umshike upigwe picha ama uondoke. Nitafutwa mimi."

"Nimepanga foleni kama watu," alimwambia. "Zamu ni yangu. Nangoja aamke. Siwezi kupiga picha na mtu aliyelala, ni kukosa adabu."

"Dada," nilimwita.

Akanigeukia kana kwamba tuliachana jana. "Dereva. Umepaki mahali pazuri?"

"Nimepaki."

Akafungua mkoba, akatoa chapati iliyofungwa kwa karatasi ya fedha, akaanza kula polepole, akiangalia watu wote bila haya. Msimamizi akaja, akazungumza, akapandisha sauti, akashusha. Foleni nyuma ikaanza kuvunjika. Baba mmoja aliyekuwa na binti yake alimuuliza kwa Kiarabu yule mtoto wa chui ana nini, naye akamjibu kwa Kiarabu kile kile kisicho na sarufi, neno kwa neno, kuhusu dawa. Baba akamchukua binti yake wakaondoka. Mwishowe msimamizi akapunga mkono kwa hasira, na yule kijana akambeba mnyama kumpeleka nyuma ya pazia. "Anapumzika!" msimamizi akawatangazia watu. "Anapumzika kidogo!"

Mpigapicha akatafuna, akameza.

"Umesikia?" aliniambia. "Kumbe wanajua neno lenyewe."

"Haya, dada. Umeshinda. Twende nikufikishe kwako."

"Twende wapi? Watamrudisha." Akakunjua karatasi ya chapati, akakata kipande, akaninyooshea. "Kama unaondoka, ondoka. Kama unabaki, nenda kasimame mwisho wa foleni, na zamu yako ikifika, ukae."

Nikachukua chapati yangu, nikaenda mwisho wa foleni.